Picha ya Mayai Mchangani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayetandaza mwanga juu ya maji kila asubuhi na kuukunja kila jioni pasipo kuchoka wala kukosea. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake, na wote waliowafuata kwa wema.

Mimi ni Feruzi, mpiga picha wa mtaa wa Kasuku, hapa mjini Kindu. Mwaka huu, wiki moja baada ya Idi, nilimkabidhi binti yangu ufunguo wa studio. Macho yangu yameanza kuingia ukungu, na mpiga picha anayemwuliza mteja "uko wapi?" hana budi kupumzika. Nyinyi wenzangu wadogo mnaopiga picha kando ya mto mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi. Habari za vyeo sitaandika, kwa sababu studio ya mtu mmoja ina cheo kimoja tu, na mwenye cheo hicho ndiye pia anayefagia. Nitaandika habari za mwanga, za mto, na za kosa langu moja lililonifundisha kuliko picha zote zilizosifiwa.

Kazi nilijifunza kwa Papa Leonardi, mwenye studio wakati huo, Mkatoliki, mtu mrefu ambaye vidole vyake vilikuwa vimegeuka kahawia kwa dawa za kusafishia filmu. Siku ya kwanza sikugusa kamera. Niliosha mabeseni matatu, nikachota maji mtoni, nikayachuja mara mbili kwa kitambaa, maana maji ya Lualaba yana tope, na chembe moja ya tope ikikaa kwenye filmu, bibi harusi anatoka na ndui usoni. Kisha akaniingiza katika chumba cha giza.

"Unajua kuhesabu mu giza?" akaniuliza.

"Najua, Papa. Lakini saa iko wapi?"

"Saa gani? Saa ilikufa zamani. Miye nahesabu na rozari."

Salamu Maria thelathini, na filmu iko tayari: hiyo ndiyo ilikuwa saa yake. Mimi Salamu Maria sikuzijua, nikatoa tasbihi mfukoni. Tulijaribu kwa filmu iliyoharibika, tukaona kwamba tasbihi mbili nzima za Subhanallah, zikisemwa kwa utaratibu, zinafika mahali palepale. Tukafanya kazi hivyo miaka yote, yeye na beseni lake, mimi na langu, kila mmoja na midomo yake ikitembea. Ila mimi nilisema polepole mno, kwa hiyo filmu zangu zilitoka nyeusi mno, na nyuso pichani zikapauka. Wateja walilijua jambo hilo. Walisimama dirishani wakasema, "Hii ya ndoa, asafishe Papa mwenyewe. Ule Muislamu wake anaomba sana."

Baba yangu hakuipenda kazi hiyo. Alinipeleka kwa Maalimu Sumaili, aliyenisomesha Kurani nilipokuwa mdogo, amwulize kama ni halali kupiga picha viumbe vyenye roho. Maalimu aliigeuzageuza kamera mikononi.

"Nani anachora ndani ya hii sanduku?"

"Mwanga, Maalimu."

"Na mwanga ni wa nani?"

"Wa Mungu."

"Basi usiseme hata siku moja kama weye njo uliumba. Na usipige muntu asiyetaka." Akatengeneza kilemba chake vizuri, akakaa wima. "Sasa unipige."

Papa Leonardi ndiye aliyenifundisha kuvuka. Wengi wenu hukaa upande wa Kasuku jioni, mkautazama mto, na jua liko mgongoni mwenu. Jua linachwea nyuma ya Kasuku. Anayetaka jua na maji pamoja sharti apande mtumbwi, avuke mpaka Alunguli, ageuke kuutazama mji alikotoka. Jambo dogo, lakini nimeona watu wenye kamera za thamani wakisubiri jua mahali ambapo halijawahi kuchwea tangu dunia iumbwe.

Mniulize pia kuhusu magharibi. Sala ya magharibi inaingia jua linapozama, yaani saa ileile ya kazi. Mwanzoni nilihuzunika, nikadhani lazima nichague. Kisha nikaona kwamba wapiga picha wenye haraka hufunga mikoba yao jua likizama tu, wakaenda na rangi ya manjano. Mimi nilitandaza mkeka mchangani, nikaswali rakaa tatu, nikatoa salamu kulia na kushoto, na nilipoinua kichwa mbingu ilikuwa imeanza kuwa zambarau. Rangi iliyo nzuri zaidi huja baada ya jua kuondoka. Anayeswali bado yuko palepale, tayari kuifungulia kamera.

Mbele ya Alunguli, maji yanapopungua wakati wa kiangazi, hutokea kisiwa cha mchanga, kirefu kama uwanja wa mpira. Huko ndiko nilikowajua ndege tuliowaita mikasi. Ni weusi mgongoni na weupe tumboni, mdomo mwekundu, taya la chini refu kuliko la juu. Wakati wa jioni huruka chini kabisa, taya hilo likiwa ndani ya maji, nao hupasua mto kama fundi wa nguo anavyopasua kitambaa. Hawajengi kiota. Hulaza mayai juu ya mchanga mtupu, na mayai yenyewe yana rangi ya mchanga, hata unaweza kusimama hatua mbili usiyaone. Niliwapiga picha wao na viboko wa mtoni, furukombe na kenge, lakini moyo wangu ulikuwa kwa mikasi.

Papa Leonardi alifariki kabla ya vita, Mungu amrehemu, na studio ikabaki kwangu. Kisha vita vikafika. Reli ilikatika, barabara zikafungwa, na watu waliogopa kwenda mashambani kwa sababu wengine hawakurudi. Filmu zilinifikia kwenye baiskeli za wachuuzi waliotembea majuma mengi msituni, nyingi zimekwisha muda wake. Askari walikuja kupigwa picha, na kila mmoja alitaka miwani nyeusi. Nilikuwa na miwani moja tu ya studio. Nadhani ilipigwa picha nyingi kuliko mkubwa yeyote wa jeshi.

Njaa ikaingia mjini. Muhogo ukawa haba, chumvi ikawa kama dawa. Nilitembea nikiwaona watu wamekaa milangoni bila kuzungumza, nikafikiri: nitafanya nini mimi, mtu wa kamera? Asubuhi moja ya kiangazi nilivuka, nikageukia mji, jua likiwa mgongoni kwangu, kila kitu kikiwa wazi. Nilimpiga ndege mkasi amesimama kando ya mayai yake matatu. Nyuma yake ilionekana vizuri pua yenye kutu ya meli iliyozama zamani, ile ambayo kila mtu wa Kindu anaijua. Nilisafisha picha hiyo kwa uangalifu, nikaikuza, nikaitundika kwenye ubao nje ya studio siku ya Ijumaa, ili watu wakitoka msikitini waone kwamba katika mji huu bado kuna kitu kinachozaa.

Watu walisimama. Walisema Mashallah. Nilifurahi, na nakiri kwamba nilifurahi kwa ajili yangu pia.

Siku ya Jumapili akaja Mama Salima, jirani yangu, mjane mwenye mtoto mmoja wa kike. Alikuwa amebeba sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Hodi, Baba Feruzi!"

"Karibu, Mama Salima."

"Nakuletea aksanti. Bila picha yako hatungejua kama pale iko kitu cha kukula. Tumeenda pirogi nane."

"Mitumbwi minane?"

"Nane, na wengine waliogelea. Weye haukuenda? Unatundika chakula ya watu ukutani, weye mwenyewe unabaki na njala!" Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka kwa miezi mingi. Akafunua sufuria: mayai sita madogo, yamechemshwa. "Hii ya watoto wako. Tia chumvi, kama iko."

Watoto wangu wanne walikuwa wamekwisha simama mlangoni. Mtaniuliza nilifanya nini. Nilisema Bismillahi, nikawagawia, na kilichobaki nikala. Kilikuwa kitamu. Siandiki hivyo kwa kujivuna wala kwa kujidhalilisha, ndivyo ilivyokuwa.

Kesho yake nilivuka. Mchanga wote ulikuwa nyayo za watu, na mikasi walikuwa wakizunguka juu yake, wakilia kwa ile sauti yao kama ya mbwa wadogo. Baada ya siku chache waliondoka. Kiangazi kilichofuata hawakuja. Wala kingine.

Nilikwenda kwa Maalimu Sumaili, ambaye wakati huo alikuwa mzee sana, nikamweleza.

"Usiseme neno juu ya watu," alisema. "Mwenye njala hana lawama. Na weye haukukusudia ubaya. Lakini toba iko na sharti. Unaacha, unajuta, unaazimia kutorudia. Na kama ni haki ya mwingine, unarudisha."

"Ndege nitawarudishia nini, Maalimu?"

"Sijui," alisema. "Lakini kutojua kwangu haikuondolei sharti."

Hivyo ndivyo nilivyoacha kupiga picha jua likiwa mgongoni. Nyinyi mnadhani picha zangu nyeusi, zile za ndege kama wino mbele ya mbingu nyekundu, zilitokana na sanaa. Zilitokana na hofu. Ukimpiga ndege jua likiwa nyuma yake, ufuko unakuwa mstari mweusi tu, na mji, meli na njia ya kufika vyote vinamezwa. Niliweka meli nje ya picha kila mara. Mwanga niliupima pembeni mwa jua, si kwenye jua lenyewe. Nilisubiri mdomo uachane na kifua ndipo nibonyeze, kwani bila hivyo ndege hugeuka jiwe. Nilijifunza kazi nzuri kwa ajili ya kuficha. Watu wa mtaani walinitania: "Feruzi anauza makaa!" Mwingine aliuliza, "Hii ndege iko wapi?" Nilimjibu, "Iko mu mto," na mto wetu una urefu wa kutosha.

Vita viliisha polepole, kama homa inavyotoka. Kila kiangazi nilivuka kuangalia kisiwa, nikakuta mchanga mtupu. Sitawahesabia miaka. Kisha jioni moja, nilipokuwa nakunja mkeka wangu, nikaona mistari miwili juu ya maji, na mbele ya kila mstari ndege mmoja. Nilisujudu tena palepale, sijda ya shukrani. Mwaka uliofuata walikuwa jozi mbili, kisha zaidi. Sikumwambia mtu. Mke wangu alijua tu, kwa sababu ya mchanga niliouleta nyumbani viatuni.

Sasa nifike kwenye kiangazi kilichopita, cha mwisho kazini kwangu. Mnaona jinsi nyumba za saruji zinavyoota Kasuku siku hizi. Ni baraka, na saruji inataka mchanga. Mitumbwi ya mchanga ilikuwa ikichimba kisiwa kile upande wa chini, mbali na ndege, nami nikanyamaza. Jioni moja nikaona machepe yamehamia upande wa juu. Wachimbaji hawakuwa na nia mbaya. Hawakuyaona mayai, kama ambavyo mimi nisingeyaona. Lakini kwa mwendo wao, katika siku tatu au nne wangekuwa wamekanyaga kila kitu, na vifaranga wa kwanza walikuwa ndiyo wametoka.

Na mwenye mitumbwi hiyo alikuwa Mama Salima.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Nikinyamaza, chepe litawafukia. Nikisema, nitakuwa nimeonyesha tena mahali, kwa mtu yuleyule, na sufuria zinaweza kurudi. Miaka yote nilikuwa nimeazimia kuficha, na sasa kuficha ndiko kulikokuwa kunaua. Niliswali rakaa mbili za kumwomba Mungu shauri. Asubuhi nilivuka, nikageuka jua likiwa mgongoni kwangu, mara ya kwanza tangu wakati wa vita, nikapiga kila kitu wazi: mayai mawili, kifaranga amejibandika mchangani kama jani dogo kavu, na kando yake, shubiri moja tu, alama ya mguu wa mtu. Nikaichapa picha kubwa, nikaifunga kwenye gazeti, nikaenda kwenye gati la mitumbwi.

Mama Salima alikuwa amekaa juu ya lundo la mchanga chini ya mwavuli, akiwagombeza wapiga kasia.

"Baba Feruzi! Leo umepotea njia? Huku hakuna jua la kuchwea, iko la kuunguza tu."

"Nimekuletea picha."

"Zile zako za makaa? Niko nazo mbili kwa nyumba. Wageni wananiuliza nani alizima taa."

Nikampa. Aliifungua akicheka, na kicheko kikaisha katikati.

"Hii njo ile ndege."

"Njo yenyewe. Walirudi."

"Na unataka nini? Twende na sufuria tena?"

"Nataka watu wako wachimbe upande wa chini, mpaka watoto ya ndege waruke. Mwezi mmoja, zaidi kidogo."

"Kule chini imebaki tope. Fundi wataukataa." Aliitazama ile alama ya mguu. "Ile mwaka weye ulikuwa umenyamaza sana. Nilisema labda unaona haya kwa sababu tulikula."

"Niliona haya kwa sababu mimi niliwaonyesha. Mpaka leo natubu."

Aliniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa asiyejua ugonjwa wake.

"Unatubu nini? Baba Feruzi, Salima alikuwa na miaka mbili. Alikuwa ameacha kusimama. Nilikuwa nimeshaanza kumutafutia sanda mu akili yangu. Nilimupa ile mayai, moja asubuhi, moja jioni, siku tano. Siku ya sita alisimama, akashika kanga yangu. Leo iko mwalimu kule Kailo, anapigia watoto wa watu kelele sawa na mama yake. Weye unatembea na haya miaka yote, na miye kila sala naombea mutu aliyetundika ile picha."

Miaka yote ile, kutoka nyumba mbili zinazotazamana, dua mbili zilikuwa zikipanda juu ya jambo moja: mimi nikiomba nisamehewe, yeye akishukuru. Na wote wawili tulikuwa tunasema kweli. Nadhani Mungu pekee ndiye anayeweza kuzipokea zote mbili pasipo kuikataa hata moja.

Mama Salima alifuta macho kwa pembe ya kanga, akasimama.

"Ile ndege walitoa watoto yao, wangu akabaki. Miye siwezi kumwaga mchanga juu yao." Kisha akageukia mto kwa ile sauti yake. "Weye mwenye kofia! Toeni machepe kule juu! Leo leo! Tunashuka chini!"

"Mama, mchanga wa chini ni mubaya!" akajibu mpiga kasia mwenye kofia.

"Na weye ni muzuri? Si nakuvumilia?"

Wote wakacheka, naye mwenye kofia pia. Kuhusu wenye mitumbwi mingine ya mchanga, Mama Salima aliniambia nimwachie yeye. "Weye ukiongea wataona picha tu. Miye nikiongea wataona miye." Kesho yake walipigilia miti kukizunguka kipande cha juu, wakafunga vipande vya magunia, na kila aliyetaka kuyaona mayai alioneshwa kwa mbali na watu wale wale waliokuwa karibu kuyakanyaga. Baadhi ya mafundi walinung'unika juu ya tope. Waoshe mchanga, Mama Salima aliwaambia, maji hayajaisha Lualaba.

Nilikuwa nimekosea mara mbili, wenzangu. Mara ya kwanza nilionyesha watu picha bila kuwaambia chochote. Mara ya pili nikadhani dawa ya hilo ni kuwaficha. Sikuwahi kufikiri kwamba ningeweza kukaa na jirani yangu tukaitazama picha pamoja, nikamweleza ninachokiogopa. Mkipiga kiumbe kando ya mto, kabla hamjaituma picha popote kwenye simu zenu, mtafuteni kwanza anayefanya kazi mahali pale. Huenda yeye anajua juu ya picha yenu jambo msilolijua.

Siku mto ulipoanza kupanda, Mama Salima aliniita. Tulivuka na mpiga kasia mwenye kofia, mchana, tukasimama nje ya ile miti. Maji yalikuwa yamekwisha kula nusu ya mchanga. Kwa macho yangu niliona vivuli tu vikitikisika, nikamwomba yule mwenye kofia aniambie.

"Moja imeruka, Baba. Ya pili imeruka. Hii ingine imeanguka... imesimama... imeruka. Zile mbili zinaruka pamoja." Alihesabu hivyo kwa muda mrefu, na nilisikia sauti yake ikipanda. "Kumi na moja."

"Kwisha?" akauliza Mama Salima.

"Ngoja, Mama. Iko moja ingine, inatembea tu. Hii njo muvivu. Maji yanaifikia miguu. Ruka, weye! Ruka!" Na Mama Salima naye akapiga kelele, na mimi mzee wa watu nikapiga kelele pamoja nao. "Imeruka! Kumi na mbili!"

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe jicho linaloona na jirani anayekuombea bila wewe kujua. Akusamehe ulichokosea, akulipe wema ulioutenda bila kuujua, na mikono yako asiiache kamwe bila kazi ya halali wala nyumba yako bila chumvi. Amina.